Baiskeli Itaondoka na Mwenyewe

Leokadia mwanangu,

Shangazi zako wamejaa jikoni wanakufundisha maisha. Nawasikia kutoka hapa nyuma ya ghala nilikokaa na kalamu. Mmoja anakueleza namna ya kuhifadhi unga usiingie wadudu, mwingine anarudia chandarua, chandarua, kama vile wewe hujasoma. Hayo nawaachia wao. Mimi nina jambo moja, na nikilisema kwa mdomo nitaliharibu, maana nikikasirika Kiswahili kinanikimbia kinabaki Kisukuma, na Kisukuma chako wewe ni cha likizo.

Nimekasirika tangu jana jioni. Ulikuwepo, lakini acha niyaandike nami niyaone yalivyo. Baba mkubwa wako Deo alitukusanya uani kwake, eti tukuage kwa heshima kwa kuwa umepata kazi ya ualimu Biharamulo. Tukala, tukasali, tukafurahi. Halafu akakohoa kidogo na kutangaza kwamba utakwenda kwa gari, mdogo wako Gaspari akusindikize, na baiskeli yako itabaki hapa. Alisema binti wa nyumba hii hawezi kuonekana porini juu ya baiskeli, sketi inapepea. Alisema kuna familia ya watu wa heshima kutoka Nyakisasa imeanza kuulizia habari zako, na watu hao wakisikia mambo ya baiskeli watageuza njia. Mwisho akasema kitu kinachoingia katika mji huu ni cha mji huu. Akamtazama Gaspari, na Gaspari, mtoto yule asiye na haya, akatabasamu.

Wewe ulinigeukia mimi. Hukumtazama baba yako, ulinitazama mimi. Na mimi nikatazama chini nikaanza kukusanya sahani.

Leo asubuhi ukaninong'oneza kwenye banda la mbuzi kwamba utaondoka kesho kabla ya jogoo. Utaisukuma baiskeli gizani mpaka upite nyumba ya baba mkubwa, halafu upande, wakija kuamka wewe uko mbali. Nikasema sawa. Hiyo sawa imenikaa kooni siku nzima. Mwalimu mwenye barua yake ya kazi anatoroka kwao kama mwizi wa kuku, na mama yake mzazi anasema sawa.

Nataka ujue nimekuwaje mtu wa kusema sawa. Sikuzaliwa hivyo.

Nimelelewa upande wa Nyakahura. Baba yangu alihamia huko na ng'ombe kutoka Shinyanga mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Kwetu hakuna aliyewahi kuuliza baiskeli ni ya mwanamume au ya mwanamke. Ilikuwa ya yule aliyewahi kuamka. Nilijifunza kwa baiskeli kubwa ya baba, mguu mmoja nimeupitisha chini ya bomba la juu, mwili umepinda upande kama mtu anayechungulia dirishani, kwa sababu nikikaa juu ya tandiko miguu haifiki kwenye pedeli. Bibi yako alikuwa akienda mnadani kwa baiskeli, mtoto mgongoni, dumu la maziwa kwenye karia. Waliokutana naye walimsalimu mwadila mayu, akaitika, kila mtu akaendelea na safari yake. Hakuna aliyegeuza shingo.

Baba yako alinikuta hivyo hivyo. Wanaume wa huku milimani walikuwa wakija kwetu na mikungu ya ndizi kubadilishana na mahindi, na yeye alikuwa mmoja wao, mwembamba, mwenye maneno machache. Siku moja tulishindana kwenye barabara ya mchanga. Nilimwacha mbali, kwa kuwa yeye alizoea mlima, mchanga hakuujua. Akaanguka, akacheka mpaka akashindwa kuinuka. Nilimpendea kicheko hicho. Mwanamume anayeshindwa na mwanamke halafu akacheka si wa kumwacha apite. Nikadhani kwao wote wako hivyo. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Huku Mbuba kuna adabu ya barabarani, unaijua tangu hujaanza shule. Ukimkuta mkubwa njiani unashuka kwenye baiskeli, unaishika pembeni, unaamkia, unaisukuma mpaka umpite, ndipo unapanda tena. Ni adabu nzuri. Sijawahi kuidharau na hata leo nashuka. Lakini ina mlango wake wa pembeni: mwanamume mwenye mikungu ya ndizi akiteremka mlima hashuki. Hawezi, mzigo ungemuua. Anapiga mluzi kutoka juu kabisa, na wazee wenyewe, wale wale wa kuamkiwa, wanarukia mtaroni na fimbo zao. Akishapita wanajipangusa na kumsifu kwamba kijana ana nguvu.

Sasa sikiliza. Mwaka nilioolewa, wakati wa masika, mama mkwe wangu alinituma kusaga muhogo. Baba yako alikuwa na baiskeli mbili, moja ya ndizi na moja ya kutembelea, nikachukua ya kutembelea. Wakati wa kurudi, gunia la unga liko kwenye karia, mvua ikanikuta juu ya ule mteremko wa kwenda mtoni. Nilibana breki hazikushika. Nikabana tena mpaka vidole vikauma. Tope jekundu chini, gunia linanisukuma kwa nyuma, na pale kwenye kona, katikati ya barabara, wamesimama baba mkwe wangu na katekista chini ya mwavuli mmoja, wanazungumza. Mimi mluzi sijui kupiga. Nikapaza sauti, "Shikamoo baba," nikapita katikati yao kwa mwendo wa gari la magazeti. Tope lilimrukia babu yako kuanzia suruali mpaka miwani.

Ukitaka kucheka, cheka. Mimi mwenyewe nilicheka nilipofika mtoni nikajikuta mzima na unga haujalowa. Sikujua kwamba huko nyuma kikao kimeshaitishwa.

Walinikalisha mkekani mbele ya ukoo. Nikaeleza habari ya breki. Mzee mmoja, simtaji kwa kuwa amekwisha kufa, akaniuliza kwa upole kabisa, "Kwani mtaro hukuuona?" Alikuwa na maana kwamba mwanamke aliyelelewa vizuri angejitupa. Angejitupa mtaroni yeye na gunia na baiskeli, kivunjike kinachovunjika, kuliko kumpita mkwe akiwa juu ya tandiko. Na watu wakatikisa vichwa kukubali, Leokadia, watu wazima wenye akili zao. Nilitaka kuwauliza mwenye ndizi kwa nini yeye hajitupi. Swali lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikamtazama baba yako, naye alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Nikalimeza. Nikasema nisameheni, sitarudia.

Nilitozwa mtungi wa urwagwa. Niliibeba hiyo pombe ya ndizi kichwani, nikapiga magoti, wakanywa, wakaniambia wamenisamehe. Ikaamuliwa kwamba mke wa nyumba hii hapandi baiskeli. Nilikuwa binti wa kuvuka pori lote la Nyakahura nikiimba, na tangu siku hiyo nikawa mtu wa kwenda kwa miguu nikipitwa na watoto.

Pombe ile haikuniuma. Kinachoniuma mpaka leo ni lile neno nisameheni. Niliomba radhi kwa ajili ya breki. Ukishaomba radhi kwa jambo ambalo hukulifanya, wenzako wanaliamini, na miaka ikipita wewe mwenyewe unaliamini kuliko wao. Mimi niliamini. Ulipofaulu kwenda sekondari ulitembea, kwenda na kurudi, masika unarudi umeshika viatu mkononi, jioni unasinzia na tonge mdomoni. Zamu ya Gaspari ilipofika alipewa baiskeli kabla hata sare zake hazijatoka kwa fundi. Ukaniuliza kwa nini. Unakumbuka nilichokujibu? Nilisema mtoto wa kike baiskeli inamharibu. Maneno yale yalitoka kwenye kinywa changu mimi, niliyejifunza nimepinda chini ya bomba. Nikiyakumbuka natamani kujizaba kofi. Hasira niliyonayo juu ya baba mkubwa wako si yake peke yake, sehemu yake kubwa ni yangu, na siwezi kumtwisha mtu mwingine.

Halafu bibi yako akaugua miguu, wakati huo umemaliza chuo, uko nyumbani unasubiri ajira. Tulipokwenda kumwona mara ya kwanza tulipanda basi, na kutoka pale lilipotushusha tulitembea porini mpaka jua likaegemea. Bibi akatutazama tulivyochoka akasikitika, akaagiza baiskeli yake itolewe ndani. Akakuambia, "Mjukuu wangu, chukua. Miguu yangu mimi imekwisha." Ukaipanda pale pale ukazunguka zizi, na mimi nikabaki mdomo wazi. Bibi akanicheka. Akaniuliza kama nilidhani likizo zote zile ulikuwa unachunga ndama tu.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema baiskeli hii ni ya mji huu nataka kupiga kitu chini. Ilitoka kwenye mkono wa mama yangu ikaingia kwenye mkono wako. Ukoo huu haukuwepo.

Nilimwambia baba yako kwamba mama yangu anakwisha na nitakwenda kumwona kwa baiskeli yake. Hakusema ndiyo wala hapana, aliijaza upepo, na ile yake ya kutembelea akaijaza pia. Tulizisukuma mimi na wewe mpaka tukatoka kwenye macho ya ukoo, tukapanda, tukapita Kasulo, tukaingia pori la Biharamulo. Nilidhani nimesahau. Mwili haukusahau chochote, ila makalio yalilalamika.

Ilikuwa kiangazi kimekomaa. Pori lilikuwa limechomwa pande zote mbili za njia, majivu yanapanda na tairi, na kule mbele moshi umesimama. Ulikuwa umevaa sketi yako ya chuo, bluu iliyokolea, na mbung'o wakakuchagua wewe. Nilikuambia rangi hiyo ndiyo wanayoipenda na kwamba wanafuata kitu kinachokwenda. Ukanijibu kwamba basi tusimame. Nikakuambia tukisimama watatua wale kwa utulivu. Tulicheka huku tunajipiga makofi ya mgongo. Wachoma mkaa tuliopishana nao, baiskeli zao zimejaa magunia, walikutana na mimi mtu mzima na kitenge changu nimekifunga vizuri, na mmoja akaniuliza mume wangu nimemwacha wapi. Angekuwa ananiona nimepakiwa kwenye karia asingeuliza. Nilimjibu kwamba nimemwacha nyumbani analea.

Safari iliyofuata miti ilikuwa imechipua. Mvua bado, ardhi ngumu, lakini majani ya miombo yametoka, mekundu, mengine rangi ya shaba, na sisi tunapita chini yake. Nilikuwa nimeisahau rangi ile. Nililia, na wewe ukadhani ni vumbi, nami nikakuacha udhani hivyo. Nililia kwa hasira. Niliwaza misimu yote iliyopita mimi nikiwa jikoni Mbuba, na miti ile inachipua kila mwaka mahali ambapo ningeweza kufika kwa siku moja.

Mvua zikaanza. Tope likajaa kati ya tairi na madigadi mpaka magurudumu yakagoma kuzunguka, tukawa watu wa kusimama kila mara na kuchokonoa kwa vijiti. Tulichuma uyoga tukamfungia bibi kwenye kanga. Baadaye nyasi zikapanda juu ya vichwa vyetu, njia ikawa kama uchochoro, kila kona tunapiga kengele kuwaonya wenye ng'ombe, na siku ile kumbe si ng'ombe, ni ngiri na watoto wake, mikia juu. Hukuanguka. Ulinyoosha usukani ukaacha baiskeli iende. Hakuna aliyekufundisha hilo siku hiyo, na mimi niliyekuwa nyuma yako ndimi niliyebana breki nikaenda kulalia nyasi. Nilijifunza kwako. Kwenye mchanga, kwenye tope, mbele ya ngiri, ni ile hofu ya kubana inayoangusha mtu.

Sasa nakuandikia jambo ambalo hatujawahi kulizungumza, wewe na mimi.

Masika haya, ujumbe ulikuja kwamba bibi amezidiwa na anatuuliza. Nilitaka tuondoke kesho yake. Baba mkubwa akasema mtoto wake anapata kipaimara Jumapili, wageni wengi, nani atapika, mgonjwa wa siku nyingi hafi kwa siku mbili tatu. Nikasema sawa. Nilimenya ndizi za sherehe. Nilihudumia wageni, nikacheka nao. Jumatatu tukapanda baiskeli kwenye mvua, mito imefurika, tukazibeba mabegani pale maji yalipofika kiunoni, na wewe hukulalamika hata mara moja. Tulipofika, kaburi la mama yangu lilikuwa limeshafunikwa na mvua inalinyeshea.

Hukunilaumu. Ulinifunika kanga yako mwenyewe. Ningeona afadhali ungenilaumu.

Sikuandikii haya ili unionee huruma. Nataka uone bei ya hiyo sawa ninayoitoa kwa urahisi hivi. Watu hawa si waovu. Baba mkubwa wako amesomesha watoto wasio wake, ukiugua usiku ndiye wa kwanza kugonga mlango. Angekuwa mtu mbaya ningemshinda zamani. Kinachomharibu ni kwamba hajawahi kuambiwa hapana na mtu anayemheshimu. Kila mara anatoa neno, sisi tunakusanya sahani, naye anakwenda kulala akidhani tumekubali.

Na wewe huko uendako utakuta wa namna yake. Pengine ni mwalimu mkuu, pengine ni mwenyekiti wa kijiji, pengine ni huyo mume mtakayependana. Sikufundishi kugombana. Nakuambia tu kwamba neno lililomezwa halipotei, linakaa humo tumboni linasubiri, na siku likitoka linamtokea mtoto wako aliyerudi shule na viatu mkononi.

Naacha kidogo. Jua bado lipo, na nimeona baba mkubwa wako amerudi kutoka shambani. Nakwenda kwake. Nikikaa hapa kuandika tu nitakuwa nimekutuma wewe ukafanye kazi yangu.

Nimerudi.

Nilimkuta kibarazani anapukuchua mahindi. Nilimwamkia, akaitikia, akanisogezea kigoda. Nikasema nitasimama. Nikamwambia nimekuja kwa habari ya baiskeli.

"Shemeji, hayo tuliyamaliza jana," akasema.

"Mliyamaliza ninyi. Mimi nilikuwa nakusanya sahani."

Aliacha kupukuchua. Nikamwambia baiskeli ya mama yangu itaondoka na Leokadia, na Leokadia ataipanda kuanzia mlangoni kwangu. Kuhusu watu wa Nyakisasa nikasema kama watamkataa mwanangu kwa sababu anajua kuendesha, ni vizuri wamkatae mapema kabla hatujawapikia. Nilimwambia pia habari ya Jumapili ile ya kipaimara. Sikupaza sauti. Nilisema, "Nilimenya ndizi zako, mama yangu akafa ananiuliza." Hapo aliinamisha kichwa, na kwa muda nikadhani tumeelewana.

Lakini akasema yeye anailinda nyumba hii, na kwamba mwanamke alishawahi kuiaibisha kwa baiskeli, mbele ya kanisa zima, na ukoo ukamsamehe. Akasema ukiondoka hivyo usipite kwake kuaga, na huko ukipata shida usimtafute.

Kumbe baba yako alikuwa amenifuata. Sikumsikia akija. Alikuwa amesimama kwenye migomba na kofia mkononi.

"Kaka," akasema, "siku ile breki hazikuwepo."

Baba mkubwa akamuuliza siku ipi.

"Siku ya mvua. Mipira mizima ya breki niliitoa asubuhi nikaiweka kwenye baiskeli ya ndizi. Ile aliyopanda yeye nikaibandika mipira iliyokwisha, nikasema nitanunua mingine siku ya soko. Pale kwenye kikao nilikuwa najua. Nikanyamaza."

Leokadia, nilisimama pale nikaona ule mteremko tena, na vidole vyangu vinauma. Miaka yote hii nilijua ni maji ya mvua. Miaka yote nimelala na mtu huyu, nimemzalia, nimemfulia, na usiku nikimsimulia kisa kile yeye hugeukia ukutani, na mimi nikidhani ana usingizi.

Baba mkubwa alimuuliza kwa nini anasema leo. Baba yako akasema, "Kwa sababu mwanangu anataka kutukimbia usiku, na mimi ni mmoja wa anaowakimbia." Kumbe alikuwa anajua mpango wako. Banda la mbuzi halina siri.

Baba mkubwa aliokota gunzi, akalitazama, akaendelea kupukuchua. Hakulirudisha neno lake kwamba usipite kwake kuaga, kwa hiyo lichukue kama lilivyo. Si jambo dogo, mwanangu, na sitakudanganya kwamba ni dogo. Unaweza kukaa mwaka mzima, au zaidi, bila mlango ule kufunguka kwako, na ukija Krismasi shangazi zako watanong'ona. Sisi ni watu wa kuishi na ndugu, hatuna mahali pengine pa kwenda. Kama unaona mzigo huo ni mkubwa, panda gari na Gaspari, sitakulaumu, mradi uamue wewe mwenyewe, si kwa sababu mama yako alikuwa amebeba sahani.

Baba yako nimemwacha njiani, sikumngoja. Kama nitamsamehe sijui, na asinihimize. Nimefurahi kwamba amesema na nina hasira kwamba amesema leo, yote mawili kwa pamoja, na sioni kwa nini nichague. Lakini nakupa hili ulibebe: ukipata mchumba usisikilize sana maneno anayokuambia mkiwa wawili. Baba yako alikuwa na maneno mazuri kwenye mchanga. Msikilize siku ya kikao.

Amenifuata mpaka hapa ghalani, anasema anataka akusindikize kesho kwa baiskeli mpaka mwanzo wa pori. Nimemwambia akuombe wewe, mimi si msemaji wako. Ukikubali, sawa. Ukikataa, mwache akose usingizi, atajua mwenyewe.

Na lile la kuondoka kabla ya jogoo, mwanangu, ninaliondolea kibali changu. Lala mpaka uamke. Kunywa uji wako. Ngoja jua lipande, watoto waende shule, akina mama washuke na ndoo, watu wa ndizi wapite, barabara ijae. Ndipo utoe baiskeli nje, upande hapa hapa mlangoni kwangu, uende zako Biharamulo. Nataka wakuone.

Mama yako,
Kabula